SIMU YA UPEPO: SAUTI HURUKA, NGUVU HUBEBWA

Kutoka Gitega hadi Muyinga, kwa mstari ulionyooka kama arukavyo kunguru, ni kilomita 80 hivi. Kwa barabara ipitayo Karuzi mwendo ni mrefu zaidi, maana barabara hulazimika kuvizunguka vilima, na vilima ni mali ambayo nchi ya Burundi haijapata kupungukiwa nayo. Hivi karibuni tulisafiri njia hiyo pamoja na koplo mmoja wa mawasiliano na mzigo wake: simu ya upepo moja, waya wa antena uliokunjwa kama kamba ya kufungia mbuzi, betri mbili na bamba la kunasia jua. Kabla ya kuondoka Gitega, kwa mzaha tu, tuliuweka mzigo ule juu ya mizani ya muuza maharage sokoni. Simu ilikuwa nyepesi kuliko betri zake. Muuza maharage akacheka, akatuuliza kama tunauza vyuma chakavu.

Mzaha ule ndio uliozaa makala haya. Watu husema "simu ya upepo" wakidhani kwamba kila kilicho chake husafiri kwa upepo. Sivyo. Sauti ndiyo isafiriyo bure. Nguvu ya kuirusha hiyo sauti ingali inabebwa mgongoni mwa mtu, au inavutwa kwa waya mzito juu ya nguzo za chuma. Askari au polisi yeyote aliyepata kukaa lindo mbali na mji aijua tofauti hiyo, hata kama hajaitafutia maneno.

Katika safari hii tofauti hiyo huonekana kwa macho. Penye maporomoko ya Rusumo katika mto Kagera, mahali Rwanda na Tanzania zipakanapo, ipo sasa mitambo ya umeme wa maji yenye uwezo wa megawati 80, nayo ni mali ya nchi 3, Burundi ikiwa mojawapo. Fungu letu huja kwa njia ya kilovolti 220, yenye urefu wa kilomita 160 hivi, ikipitia Muyinga hadi Gitega. Ili umeme huo ufike, ilibidi nguzo zipandwe kilima baada ya kilima na nyaya zivutwe juu ya mashamba na mabonde. Lakini neno moja la amri likitamkwa Gitega hufika Muyinga kabla msemaji hajafumba mdomo, wala halihitaji nguzo hata moja njiani.

USIKU WA KIFUTU

Tunalo deni la kusimulia kisa kimoja ambacho hatujapata kukiandika. Yapata miaka kumi na zaidi iliyopita, tulipokuwa tungali wachanga katika cheo cha luteni, na chuo cha makadeti kikiwa bado kinanukia katika sare zetu, tuliwekwa na askari wachache katika lindo moja kusini-mashariki ya Muyinga, si mbali na mto Ruvubu. Mtandao wa simu za mkononi haukufika bondeni pale. Mtu aliyetaka kuzungumza na mkewe alipanda kilima kwa nusu saa. Hata hivyo kila askari alikuwa na simu yake, kwa tochi, kwa nyimbo na kwa picha za watoto. Nazo simu hula umeme. Umeme pekee uliokuwapo ulikuwa ndani ya betri ya simu ya upepo, na jioni ungeziona simu tano au sita zimeing'ang'ania betri ile kama vitoto vya nguruwe kwenye chuchu za mama yao. Moja katika hizo ilikuwa yetu.

Usiku mmoja kijana mmoja wa zamu alikanyaga kifutu, naye akaumwa juu kidogo ya kifundo cha mguu. Kifutu si nyoka wa mzaha. Tuliikimbilia simu ya upepo, tukabonyeza kitufe cha kusemea, na taa yake ikazimika. Tukaachia, taa ikawaka. Tukabonyeza tena, ikazimika. Jambo lililotutoa jasho ni kwamba tulikuwa tukisikia kila neno. Wa upande wa pili, aliyekuwa Gitega, alituita kwa jina letu la siku ile mara ya kwanza, mara ya pili na mara ya tatu, akauliza kwa nini hatuitikii, kisha kwa sauti ya uchovu akaandika kwamba tumelala. Tulisikia mpaka mkwaruzo wa kiti chake.

Wanakijiji wa jirani walitupa ingobyi, machela yao ya kusuka, wakatoa na vijana wanne wa kubeba. Tulitembea usiku kucha mpaka barabarani. Kijana yule alipona, lakini mguu wake haukurudi kuwa mguu wa gwaride. Taarifa iliyoandikwa baadaye ilisema kwamba betri ilikuwa mbovu. Betri haikuwa mbovu.

Sababu ya kusikia pasipo kuweza kujibu ni nyepesi, na inafaa kila mlinzi aijue. Mtambo unapopokea, hupokea kile kilichokwisha kurushwa na mwingine kwa nguvu zake; kazi yake ni kukikuza tu hadi sikio likisikie, na kazi hiyo yataka umeme kidogo sana. Unaporusha, hapana budi utoe nguvu yote wewe mwenyewe. Aghalabu kusema hula mara kumi ya umeme wa kusikiliza, au zaidi ya hapo. Kwa hiyo betri iliyochoka humdanganya mwenyewe: taa yawaka, sauti za wenzake zaingia, naye hujiona yuko salama mpaka saa ile ya kuomba msaada.

MERIKEBU YA ANGANI ILIYOKUWA BUBU

Tusidhani kwamba balaa hili liliwapata maluteni wazembe wa Ruvubu peke yao. Liliwahi kulipata jeshi kubwa, tena katika vita vilivyopiganwa katika nchi zetu hizi.

Kabla ya vita vya 1914 Burundi ilikuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, na Gitega ilifanywa makao ya Residenti wa Kijerumani mwaka 1912. Mitambo ya simu ya upepo ya utawala ule ilisimamishwa Bukoba na Mwanza, kando ya ziwa Victoria, na baadaye Dar es Salaam. Bukoba ni kilomita 230 hivi kutoka Muyinga kwa mruko wa ndege. Mitambo ya siku zile ilirusha cheche, nayo ilikula nguvu kwa pupa. Haikuwezekana kuibeba mgongoni wala kuificha, kwani mlingoti wake ulionekana kutoka mbali. Ndiyo maana adui aliitafuta kwanza. Tarehe 8 Agosti 1914, vita vikiwa na siku chache tu, manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea iliipiga mizinga Dar es Salaam kwa ajili ya mtambo wake. Tarehe 22 na 23 Juni 1915 kikosi cha Waingereza kilivuka ziwa kutoka Kisumu, kikaishambulia Bukoba na kuuangusha mlingoti wa simu ya upepo. Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, majeshi ya Wabelgiji yaliingia Gitega.

Jenerali von Lettow-Vorbeck akabaki porini na askari wake, mbali na kila msaada. Mnamo tarehe 21 Novemba 1917 merikebu ya angani ya aina ya Zeppelin, jina lake L59, iliondoka Jamboli nchini Bulgaria ikiwa imesheheni risasi, dawa na vifaa vingine vya kumfikishia. Ilivuka bahari, ikapita juu ya Misri, ikaingia Sudan. Njiani injini yake moja iliharibika, na injini hiyo ndiyo iliyokuwa ikiendesha jenereta ya mtambo wa kurushia. Tangu hapo merikebu ile kubwa iliweza kusikia, lakini haikuweza kusema. Usiku wa kuamkia tarehe 23, ikiwa magharibi ya Khartoum, ilipokea amri kutoka Ujerumani: rudini. Nahodha Bockholt hakuwa na njia ya kuuliza hali ilivyo, wala ya kusema kwamba amekwisha kuvuka jangwa. Aligeuza, akarudi Jamboli tarehe 25, baada ya saa 95 angani na mwendo wa kilomita 6,757.

Twakiri kwamba kila tusomapo habari hiyo twakumbuka taa yetu iliyokuwa ikizimika. Tofauti ni kwamba wao hawakuwa wamechaji simu za mkononi.

Jenerali mwenyewe alimaliza vita bila habari za upepo. Mapigano yalikoma Ulaya tarehe 11 Novemba 1918; yeye, akiwa karibu na Kasama katika nchi iitwayo leo Zambia, alizipata habari siku mbili baadaye kutoka kwa tarishi wa Kiingereza aliyekamatwa na watu wake. Alisalimisha silaha Abercorn, yaani Mbala ya leo, tarehe 25 mwezi huo.

MTU ALIYETAKA KURUSHA MOTO

Mwaka ule ule wa 1917, huko Marekani, mnara mmoja wa urefu wa mita 57 ulibomolewa katika kisiwa cha Long Island. Ulianza kujengwa mwaka 1901 na Nikola Tesla, mhandisi aliyezaliwa miongoni mwa Waserbia, ambaye mikondo ya umeme itumikayo katika nyumba zetu ina deni kubwa kwake. Tesla hakutaka kurusha habari tu kama Marconi. Alitaka kurusha na nguvu yenyewe, ili taa iwake na mashine izunguke mahali popote duniani pasipo waya. Tajiri Morgan alimpa dola 150,000, kisha akakataa kuongeza. Mnara haukupata kuwasha taa ya mtu hata mmoja wa mbali.

Je, Tesla alikuwa mwongo? La. Alikuwa mtu mwenye haki nusu. Mawimbi yale yale yabebayo sauti hubeba nguvu pia. Sauti isingefika kama nguvu isingefika. Shida ni kipimo chake. Mtu aliye kwenye mlima wa Gishora, penye ngoma za kifalme karibu na Gitega, anaweza kumwita mwenzake aliye mlima wa pili, naye akaitika. Sikio hutosheka na kipande kidogo mno cha sauti iliyomwagika pande zote. Lakini jaribu kumlisha mwenzako huyo kwa kumrushia maharage kutoka mlima hadi mlima. Maharage mengi yataangukia bondeni, na yeye atalala njaa. Ndivyo yalivyo mawimbi: kadiri yaendavyo ndivyo yatawanyikavyo, na umbali ukizidi mara 2, kilichomfikia mpokeaji hupungua mara 4. Sikio hustahimili upungufu huo. Tumbo halistahimili.

(Na kwa kuwa tumezitaja ngoma za Gishora, tusizisingizie. Wapo waandishi wapendao kuziita simu za mababu zetu. Zilikuwa ngoma za mwami na za heshima. Ngoma zilizosema maneno kweli zilikuwa kwa majirani zetu wa msitu wa Kongo.)

Hata hivyo hicho kidogo kifikacho kina matumizi, na wanajeshi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kukitumia. Mwaka 1944, katika mahandaki ya Anzio nchini Italia, askari wa Marekani walijitengenezea vipokezi vya redio kwa wembe wenye kutu, kipande cha penseli, waya uliozungushwa na kisikilizio cha sikioni. Havikuwa na betri hata moja. Nguvu iliyotikisa kisikilizio ilikuwa ile ile iliyotoka katika mnara wa kituo cha matangazo. Wenzetu hawa walikuwa wakiishi, kwa kipimo cha wembe mmoja, ndani ya ndoto ya Tesla.

Kisa cha pili kinawahusu zaidi wale wasomaji wetu wenye kazi ya kulinda ofisi na siri zake. Mwaka 1945 watoto wa shule wa Kisovieti walimpa balozi wa Marekani mjini Moscow zawadi ya nembo ya nchi yake iliyochongwa kwa mti kwa ustadi mkubwa. Balozi aliitundika ukutani. Ilikaa pale miaka 7, na mabalozi wakabadilishana, mpaka ilipogunduliwa mwaka 1952 kwamba ndani yake mlikuwa na kinasa sauti. Mafundi walikuwa wamepekua nyumba mara nyingi wakitafuta nyaya na betri, nao hawakuona kitu, kwa sababu havikuwamo. Kifaa kile, kilichobuniwa na Leon Theremin, kililala kama jiwe mpaka Warusi walipokielekezea mawimbi kutoka nje ya jengo; hapo kilipata uhai, kikayarudisha mawimbi hayo yakiwa yamebeba maneno ya chumbani. Nguvu iliingia kwa upepo, na siri ikatoka kwa upepo. Kadi za leo za kufungulia milango, zile zigusishwazo ukutani, hupata uhai kwa njia iliyo ndugu na hiyo.

Ama kurusha nguvu nyingi, juhudi hazikukoma. Mwaka 1964 Mmarekani William Brown aliirusha helikopta ndogo iliyolishwa na mawimbi kutoka chini. Mwaka 1975, katika jangwa la California, yeye na wenzake walipeleka zaidi ya kilowati 30 kwa umbali wa kilomita moja na nusu, na antena ya kurushia ilikuwa sahani kubwa yenye upana wa mita 26. Mwaka 2025 idara ya utafiti ya jeshi la Marekani ilitangaza kwamba imerusha zaidi ya wati 800 kwa mwanga wa leza, umbali wa kilomita 8.6, kwa muda wa sekunde 30. Wati 800 ni pasi moja ya umeme, na si pasi kubwa. Upotevu pia ni mkubwa: hata katika umbali mfupi zaidi, sehemu moja tu katika tano ya umeme uliotiwa ndiyo iliyofika. Hatusemi hivi kwa kubeza. Jeshi lililopata kupeleka malori ya mafuta katika njia zenye mabomu linajua kwa nini utafiti huo unagharimiwa. Lakini askari aliye Muyinga leo asingoje leza.

MTAMBO ULIO JUU YETU

Upo mtambo mmoja urushao nguvu pasipo waya ambao haujapata kuharibika tangu dunia kuumbwa, nao ni jua. Saa sita ya mchana, anga ikiwa safi, kila mita moja ya mraba hupata yapata wati 1,000, pasipo nguzo wala mlipaji. Wanakijiji wetu walilijua hilo kwa namna yao: bibi ambaye redio yake imeanza kukoroma huzitoa betri, akazianika juu ya paa pamoja na mihogo, akazirudisha jioni apate walau taarifa ya habari. Betri hizo hazichajiwi na jua, zinapashwa joto tu. Lakini bibi hakukosea sana alipoelekeza macho yake juu.

Huko Mubuga, katika mkoa wa Gitega, tangu mwaka 2021 kipo kituo cha mabamba ya jua chenye uwezo wa megawati 7.5. Bamba la koplo wetu ni mjukuu mdogo kabisa wa kituo hicho. Tulipolikunjua Muyinga lilitosha kufunika meza ya ofisi, na koplo alilihamisha kila baada ya saa moja kulifuata jua, kama mchungaji amfuatavyo ng'ombe mkorofi. Alifuta vumbi kwa kofia yake. Alitueleza kwamba betri ya risasi ikiachwa tupu kwa majuma hufa kifo ambacho hakina dawa, na kwamba yeye huandika katika daftari, asubuhi na jioni, kipimo cha volti. Daftari lile tuliliona. Lilikuwa na madoa ya chai, na halikuwa na siku iliyorukwa.

Jioni alifanya jambo lililotushangaza. Tulidhani atapanda kilima, maana kila mtu hudhani simu ya upepo hupenda juu. Badala yake alifunga waya wa mita 28 na nusu kati ya mikaratusi miwili, kimo cha mita 3 tu kutoka ardhini, ukiwa umelala kama kamba ya kuanikia nguo. Akaeleza. Mawimbi ya megahezi 5 yakirushwa mbele hugonga vilima na kufa. Lakini yakirushwa juu kabisa hufika katika tabaka la anga lililoamshwa na jua, yakarudishwa chini kama mvua, yakanyesha pande zote za kilima, Karuzi hata Gitega. Usiku tabaka hilo hudhoofika, na hapo ni lazima kushuka katika masafa ya chini zaidi. Kwa ujuzi huo wati 20 hufanya kazi ambayo asiyejua angeitafutia jenereta. Tulikumbuka mizani ya muuza maharage. Elimu ya koplo yule ilikuwa imepunguza kilo nyingi mgongoni mwake.

Ilipokaribia saa kumi na mbili ya jioni, simu yetu ya mkononi ilikuwa imebakiwa na asilimia 9. Tulikuwa na waya wake mfukoni, na betri ya koplo ilikuwa imejaa. Pengine mkono wetu ulitangulia akili. Koplo aliuona, akasimama wima.

"Samahani, afande," akasema kwa adabu yote, "hapa hapana nafasi ya simu."

Akabonyeza kitufe. Taa haikuzimika. Gitega ikajibu kwamba inamsikia tano kwa tano, ikauliza habari za mvua. Sisi tukakunja waya wetu, tukashuka mjini kutafuta kibanda cha kuchajia, na tukasimama foleni nyuma ya waendesha baiskeli wawili na mwanafunzi mmoja.